Barua kwa Mwanangu: Gazeti la Kufungia Nyama

Mwanangu,

Salaam. Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama ni kweli yule mzee aliyemtolea sauti Mufasa, simba mfalme wa ile filamu ya The Lion King, alikuwa na kigugumizi akapona, au nilikutungia tu upate usingizi. Binti yako ametimiza miaka minne, maneno yameanza kumkwama, nawe unataka kumsimulia kama nilivyokusimulia. Ningeweza kukupigia simu, lakini hili nimeona niliandike, maana nusu yake ni kweli na nusu niliitunga mwenyewe.

Yote yalianzia kwenye bucha. Ulikuwa mwaka 1997, una miaka minane, tunakaa bado Majengo. Bucha yetu ya pale kona ilikuwa ikifunga nyama kwa magazeti ya zamani. Siku hiyo nafungua robo yangu nikaona picha ya mzee mmoja Mwamerika mweusi, damu ya nyama imeshamlowesha bega. Jina lake James Earl Jones. Nilisoma nimesimama, vitunguu vinaungua nyuma yangu.

Nilisoma kwa sababu wiki hiyohiyo mlikuwa mmetazama ile filamu ya Simba kwa jirani mwenye video, watoto chungu nzima kwenye mkeka mmoja, na shuleni wakaanza kukuita Pumbaa. Wenyewe Marekani waliliokota neno letu wakampa ngiri wao, wenzako wakalichukua kwa ngiri wakakupa wewe, kwa vile ulikuwa ukisimama mdomo wazi neno halitoki. Ulirudi nyumbani ukavua viatu ukalala bila kula.

Gazeti lilisema alizaliwa Mississippi mwaka 1931, akalelewa na babu na nyanya yake, wazazi wa mama. Alipokuwa na miaka kama mitano wakahama naye mpaka shambani huko Michigan, kaskazini. Ulimi ukawa mzito, akaona heri anyamaze. Kama miaka minane shuleni hakusema kitu, akiulizwa anaandika. Aliongea kidogo na watu wa nyumbani, na mifugo. Hapo kwenye mifugo niliketi. Wewe ulikuwa ukiongea na kuku wa jirani nyuma ya choo, hukwami hata herufi moja, nami nakusikia dirishani.

Alipofika sekondari, mwalimu wake, Donald Crouch, akagundua kwamba kijana huyu bubu anaandika mashairi. Aliandika moja la kulisifu balungi. Naam, balungi, tunda lenyewe. Mwalimu akamwambia shairi ni zuri mno kiasi cha kutilia shaka kwamba ni lake. Kama ni lake kweli, asimame mbele ya darasa alighani kutoka kichwani. Kijana akasimama. Hapo gazeti lilikuwa limechanika.

Niligeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na tangazo la matairi.

Kwa hiyo usiku ule nilipokaa ukingoni mwa kitanda chako nikakwambia kwamba aliinuka, akalighani lote bila kukwama, na kigugumizi kikamtoka siku hiyohiyo, hakikurudi tena. Hilo la kughani nilibahatisha, kumbe nilipatia. Hilo la kumtoka ni langu. Nililitia kwa sababu nilitaka chako kikutoke.

Mwisho wenyewe nimeujua juzijuzi tu. Alipofariki tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na miaka 93, nilisikia redioni nikamwambia dada yako anitafutie habari zake kwenye intaneti. Alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan kusomea udaktari, akaangukia uigizaji. Mwaka 1969 alipata tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani huko Marekani, kwa kuigiza bondia. Mwaka 1977 akatoa sauti ya Darth Vader, yule adui wa filamu ya Star Wars, mwili ukiwa wa mtu mwingine ndani ya lile vazi jeusi. Mufasa alimtolea sauti mwaka 1994, na tena 2019. Hayo mengine utasoma mwenyewe. Mimi nilikwama pale anaposema, mtu mzima mwenye sauti ya kutikisa nyumba, kwamba kigugumizi bado anacho. Alijifunza tu kuchagua maneno: akiona hili litamkwama, analiacha anashika jingine.

Kuchagua maneno! Nikakumbuka mkate.

Nilikuwa nikikutuma dukani mkate, unarudi na chapati. Nakutuma maziwa, unarudi na chai ya majani. Nilikugombeza nikasema pesa za mkate umezila chapati, ukainama ukitazama vidole vya miguu. Kumbe kwako M ilikuwa ukuta. Mkate, maziwa, mafuta, mchele, nusu ya duka lote lilikuwa nyuma ya ukuta ule, na mwenye duka amekukodolea macho na foleni inanung'unika. Ukaomba ulichoweza kukitamka. Na mama je? Mama nayo ina M. Ndiyo maana hukuwa ukiniita, ulikuwa ukija kuvuta pindo la leso yangu. Miaka yote nilidhani unadeka.

Niliyoyafanya nayajua. Ukianza neno nalimalizia mimi. Wageni wakikuuliza jina najibu mimi, haraka, kabla hawajaona. Na kwa kuwa madrasa ulisoma Juzuu Amma mwanzo mpaka mwisho bila kusita, nilijiambia basi huyu akitaka anaweza. Haikuwa hivyo. Maneno yaliyokwisha kupangwa, yenye mahadhi yake, hupita kwa wepesi kuliko yale unayoyatafuta papo hapo mtu akikutazama. Hata balungi la yule kijana lilipita kwa njia hiyo. Nyanya yako naye, Mungu amrehemu, alishikilia kwamba ulitekenywa sana ukiwa mchanga. Sikuwahi kumbishia, na ilinifaa, maana aliyekutekenya sana ni shangazi yako.

Sasa binti yako. Kati ya watoto ishirini, mmoja hivi hupitia kigugumizi, wengi wao kikianza kati ya miaka miwili na mitano, na wengi hukiacha wenyewe. Kwa watu wazima wanabaki kama mmoja katika mia. Hutembea katika ukoo, kwa hiyo usianze kumtafuta mchawi, wala usimlaumu mkeo kwamba anamkemea mtoto. Ila kwa kuwa wewe mwenyewe unacho, usikae kusubiri: mpeleke kwa mtaalamu wa usemi mapema, huko hospitali wanakojua kazi hiyo, mimi sikukupeleka popote. Na hayo ya "tulia", "vuta pumzi", "anza upya", acha. Nilikwambia mara elfu, hayakufaa kitu.

Mufasa msimulie, ila mwisho wangu uutoe. Mwambie alighani shairi la balungi, akawa mwigizaji mkubwa, na kigugumizi akazeeka nacho. Akikuuliza kama kilimuuma, mjibu wewe, unajua kuliko mimi.

Ule ujumbe wako unaanza na kimya. Sekunde nne, nimezihesabu, mdomo umefungwa kwenye M, kisha ndiyo linatoka: "Mama." Zamani ungefuta ukaanza na "Habari za nyumbani." Hukufuta.

Jumamosi mlete. Nitamuuliza anataka nini kwa chai, mandazi au mahamri, yote nimeyakusudia yawe na M, kisha ninyamaze mpaka amalize mwenyewe. Usimsaidie. Chai ikipoa tutaipasha.

Mamako