Mvua kubwa Jumatatu, mlima ukashuka Alhamisi

SWALI: Habari, mhandisi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Bududa, mashariki mwa Uganda, sehemu za juu za Mlima Elgon. Msimu uliopita mvua ilipiga Jumatatu usiku kucha, tukakesha kwa hofu, lakini kulipokucha kila kitu kilikuwa mahali pake. Alhamisi yake yalishuka manyunyu tu, tena mchana jua lilikuwa limewaka. Jioni ile mteremko ulio nyuma ya jirani yangu ukashuka wote na migomba na mibuni yake. Yeye na watoto walipona kwa sababu walikuwa sokoni. Wapo wanaosema lilikuwa tetemeko. Kama ni mvua, mbona mlima haukushuka Jumatatu? Na hii miti tunayohimizwa kupanda, itatuokoa?

JIBU: Mwalimu, mpe jirani pole zangu. Mvua ya Jumatatu ndiyo iliyomwangushia mteremko, ikisaidiwa na mvua za majuma yote yaliyotangulia. Manyunyu ya Alhamisi yalikuta kazi imekwisha.

Umewahi kukandika nyumba kwa udongo, au umeona wakikandika. Udongo mkavu haushiki, unamwagika kama unga. Ukiutia maji kiasi, unang'ang'ania fito. Ukiyazidisha, unateleza ukutani na kurudi miguuni pako. Mlima unapitia hali hizohizo. Unyevu kidogo huzivuta punje za udongo zikashikana, ndiyo maana ukingo uliokatwa wima kando ya barabara unaweza kusimama miaka. Vitundu vyote kati ya punje vikishajaa maji, mvuto ule hupotea na maji yenyewe huanza kusukuma.

Msukumo huo ndio kiini cha jibu langu. Mtu akivuka mto maji yakiwa magotini, nyayo zake zinashika chini barabara. Yakimfika kifuani, miguu inaelea na mkondo mdogo tu unamchukua. Mwili ni uleule, ila maji yamebeba sehemu ya uzito wake, na nyayo haziukandamizi mchanga kama mwanzo. Udongo nao hukaa mlimani kwa sababu uzito wake unaukandamiza juu ya tabaka la chini yake. Maji yakipanda ndani, mkandamizo unapungua na msuguano unapungua nao. Wakati huohuo mzigo unazidi. Mvua ya milimita 100 ikinyesha kwenye ekari moja ni takriban tani 400 za maji, yaani malori 40 ya tani kumi kumi. Si maji yote yanayoingia ardhini, lakini hata nusu yake si haba.

Kwa nini basi ikachukua siku tatu? Elgon ni volkano ya kale iliyokwisha kuzimika. Miamba na majivu yake yameoza kwa miaka mingi na kuwa udongo wenye mfinyanzi mwingi, na pengine una kina cha mita kadhaa. Ndio huohuo unaowapa kahawa nzuri. Maji hupita humo polepole sana. Mvua ya kishindo, sehemu yake kubwa hukimbilia mtoni ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Iliyobaki huteremka kidogo kidogo hadi ikutane na mwamba mgumu au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha, na hapo ndipo inapojikusanya. Juani unatazama majani yaliyokauka, huku kina cha mita nne maji bado yanapanda. Nadhani pia mteremko wa jirani yako umebonyea katikati kama kijiko. Mahali pa namna hiyo hupokea maji kutoka mabega yote mawili ya kilima, na katika kazi yangu ndipo ninapopachunguza kwanza.

Ipo aina nyingine isiyongoja. Pale ambapo udongo ni mwembamba juu ya mwamba na mteremko ni mkali, mvua kali ya saa moja au mbili inatosha kuuchuna kama ngozi ya ndizi.

Kuhusu tetemeko, anayelitaja hasemi upuuzi. Matetemeko ya mwaka 1966 na 1994 yaliporomosha ardhi kule milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Lakini huku kwenu, mara nyingi mshtakiwa ni maji. Ardhi nzito ikishuka hunguruma na kutikisa nyumba, na aliye gizani ataapa kwamba ni tetemeko.

Hukuuliza, lakini mabadiliko ya tabianchi nayo yana mkono katika mvua hizi. Maporomoko ya Nametsi, huko kwenu Bududa, yaliyoua mamia ya watu yalitokea tarehe 1 Machi 2010, kabla ya kilele cha masika, katika msimu wa El Niño. Ya Bukalasi, pia Bududa, yalikuwa Oktoba 2018, na ya Bulambuli, wilaya nyingine ya Elgon, Novemba 2024. Bundibugyo, magharibi kabisa, ilipigwa Desemba 2019, mwaka ambao Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida na kutuletea mvua nyingi, kama ilivyofanya 1961 na 1997. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mawingu yakifunguka yanamwaga zaidi kwa mara moja. Kiangazi kirefu nacho hupasua mfinyanzi, na mvua ya kwanza inapita katika nyufa hizo moja kwa moja hadi chini bila kuchelewa.

Sasa miti. Kwenye udongo mwembamba mizizi inasaidia sana, inaushona kwenye mwamba. Kwa mporomoko mnene, ambao unateleza mita tano au zaidi chini, mizizi ya mbuni haifiki huko. Nimekuta miti imesimama wima mita mia kutoka ilikoota, imesafiri na ardhi yake. Pandeni, lakini msilale juu ya imani hiyo. Mimi ningepiga kelele zaidi juu ya kitu ambacho watu hawakitaji: kuchimba ubavu wa mlima ili kupata kiwanja cha nyumba. Ukikata pale chini umeondoa mguu wa meza. Matuta yanayotuamisha maji nayo ni mazuri kwa shamba lakini ni hatari juu ya mteremko uliobonyea. Hapo maji yanahitaji mtaro wa kuyapeleka kando, na mtaro wenyewe usivuje.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, nakupa kazi ya kufanya na wanafunzi. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekeni wazi mbali na miti na paa, na kila asubuhi saa tatu pimeni kina cha maji kwa rula, kisha myamwage. Milimita za rula ndizo milimita za mvua. Andikeni ya siku na pia jumla ya siku kumi na tano. Jumla hiyo ndiyo itakayowaambia mengi kuliko mvua ya usiku mmoja. Kila mlima una kiwango chake, na daftari la misimu michache litawaonyesha cha kwenu.

Jumla ikiwa kubwa, mtu atembee juu ya nyumba kutazama. Ufa mpya uliojipinda kama mwezi mchanga ni dalili mbaya, usiuzibe kwa udongo ukaendelea na shughuli. Chemchemi iliyokuwa safi ikitoka na tope, au ikibubujika mahali ambapo haikuwapo, hamisha watoto kwanza, maswali baadaye. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukianza kukwama, msingi umesogea. Na mvua ikiwa bado inanyesha halafu mto upungue ghafla, jueni kuna ardhi imeuziba huko juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo ondokeni kandokando ya mto usiku uleule, mpande kwenye mgongo wa kilima, msikae ndani ya bonde hata kama mvua itakatika.