Swali la lugha: margaritiferus au margaritifera?

Mwalimu mmoja wa baiolojia kule Tukuyu ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Kwenye noti za zamani chaza wa lulu kaandikwa Mytilus margaritiferus, kitabu kipya kinasema Pinctada margaritifera (Linnaeus, 1758). Ni chaza wawili au kuna mtu kakosea kuchapa? Na mabano ya nini? Wanafunzi wangu hata bahari hawajaiona, wananibana maswali nabaki kukohoa."

Marahaba mwalimu. Chaza ni yuleyule na hakuna aliyekosea. Linnaeus, yule mtaalamu wa viumbe Mswidi, alipompa jina mwaka 1758 alimtupia kwenye jenasi (kundi la spishi, yaani aina za viumbe, zilizo ndugu) ya Mytilus, ambayo enzi hizo ilibeba kila aina, baadaye wataalamu wakaona huyu wa lulu hapo si kwao wakamhamishia Pinctada. Jina la pili likahama naye ila likabadilisha mkia, na hapa ndo panaponinogea mimi maana hii ni sarufi tupu: sisi tuna ngeli, Kilatini kina jinsia, Mytilus ni ya kiume na Pinctada ni ya kike, na margaritifera ni kivumishi, yaani mwenye kuzaa lulu, kwa hiyo lazima kifuate nomino yake. We ukitoka kwenye "mtu mzuri" ukaja kwenye kitu utasema "kitu mzuri"? Hata mtoto wa chekechea pale Uyole atakucheka. Anza darasani na hilo, bahari itasubiri.

Sasa wapo wasiobadilika na hao ndo wanaochanganya watu. Tridacna gigas, mkubwa kuliko wote wenye magamba mawili waliopo leo, Linnaeus alimwita Chama gigas, kahamishwa jenasi lakini gigas imebaki vilevile, kwa sababu hiyo ni nomino, jitu, na nomino haifuati jinsia ya jenasi. Kwa hiyo kabla hujalalamikia mkia uliza kwanza, hiki ni kivumishi au nomino?

Mabano yanakwambia spishi imehama kutoka jenasi aliyoiwekea mtoa jina. Kome anayeandikwa Mytilus edulis Linnaeus, 1758 hana mabano kwa sababu yuko palepale alipowekwa na mtoa jina. Naona watu wanayafuta kwenye noti wakidhani ni mapambo, tafadhali msiyafute, na msiyaongeze pasipohusika.

Halafu kitu ambacho hukuuliza ila nimekiona kwenye meseji yako, sehemu ambayo sikuinukuu hapo juu, umeandika "Pinctada hii inakaa kwenye miamba." Ukimzungumzia mnyama mwenyewe sema Pinctada huyu anakaa, ni kiumbe hai huyo. Ukizungumzia jenasi kama kundi hapo sawa, Pinctada ina spishi kadhaa. Jenasi herufi kubwa, spishi ndogo, zote kwa mwandiko wa mlalo, na ubaoni ambako chaki hailali vizuri pigia mstari kila neno peke yake.