Mafuta ya gari likiwa gereji yapimwe kwa lita, si kwa mshale

Swali la wiki liliuliza hivi: gari limeingia gereji na nusu tangi, limetoka taa ya mafuta inawaka; mafuta yamekwenda wapi? Inategemea kazi iliyofanywa. Kila kazi ina kiasi chake cha mafuta, na kiasi hicho chaweza kukisiwa kabla ya kumnyoshea fundi kidole.

Injini ya petroli ya cc 1500, kama za Probox na Fielder zinazobeba abiria hapa Malindi, ikinguruma imesimama huchoma nusu lita hadi lita moja kwa saa, na zaidi kidogo ukiwasha eisi. Gari lililotengenezwa redieta lazima liachwe lingurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili tatu, ili hewa iliyobaki kwenye maji itoke. Hapo nusu saa imekwisha. Kisha kuna majaribio ya barabarani: kwenda Gede na kurudi ni kilomita 30 na ushei, yaani lita tatu hivi kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita. Kwa hiyo lita mbili hadi nne zina maelezo. Kubadilisha breki hakufiki huko. Lita 20 zikikosekana, kunguruma hakuwezi kuwa sababu.

Zipo kazi ambazo mafuta hayana budi kutolewa. Petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74 kwa lita, kwa hiyo tangi lenye lita 40 lina kilo 30 zinazochezacheza juu ya jeki; likitakiwa kushushwa, halishushwi hivyo. Gari la petroli lililotiwa dizeli, au lililoingia maji kwenye tangi, humwagwa mafuta yote, tena bila kufungua swichi ya ufunguo, maana pampu huanza kuvuta hapo hapo.

Namna ya kuyatoa ndiyo ya kuangaliwa. Magari mengi ya sasa yana kizuizi kwenye shingo ya tangi, mpira wa kunyonyea haupiti. Fundi huchomoa mpira wa mafuta upande wa injini, akaunganisha waya mahali pa relei (kiswichi cha umeme kinachowasha pampu), na pampu ya gari yenyewe ikayasukuma nje. Pampu nzima hutoa lita moja hadi mbili kwa dakika. Robo saa yatosha kutoa lita 20, na haibaki alama yoyote. Mwizi naye hutumia njia hiyo hiyo. Na pampu hupozwa na petroli inayopita ndani yake: ikiachwa izunguke kavu, huungua.

Kuna mafuta mengine huishia kwenye karai, na hili linatisha kuliko wizi. Petroli ya mteja hutolewa kuoshea beringi na hata mikono. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama ndani ya shimo la gereji, na hushika moto kwa cheche ya betri tu, hata pangekuwa na baridi ya barafu. Mafuta ya taa au dizeli huondoa grisi vizuri, na hatari yake ni ndogo zaidi. Vilevile tangi "tupu" lisipelekwe kuchomewa kabla ya kusafishwa mvuke. Ni hatari kuliko lililojaa.

Mshale nao hukosea. Boya la geji mara nyingi limefungwa pamoja na pampu; mkono wake ukipinda wakati wa kurudisha, geji husoma vibaya. Gari likiwa kwenye mteremko pia hudanganya. Betri ikichomolewa, hesabu ya kilomita zilizobaki huanza upya. Liegeshe pahali tambarare, fungua swichi, ngoja dakika chache. Ukitia lita 10 kwenye tangi la lita 50, mshale upande sehemu moja ya tano. Usipopanda, shida iko kwenye geji.

Siku ya kuliacha gari, piga picha dashibodi swichi ikiwa wazi: mshale na kilomita zionekane. Mafuta yakitolewa, lita ziandikwe, yawekwe kwenye jerikeni safi la mafuta lenye kifuniko, kivulini. Mtungi uliokuwa na mafuta ya kupikia haufai. Mabaki yake huziba chujio. Wakati wa kujaza, jerikeni likae chini ardhini, si kwenye buti, kwa sababu ya umeme tuli.

Ukilichukua gari baada ya kazi ya pampu, fungua swichi mara mbili tatu bila kupiga stata, ili presha irudi. Kama pampu iko chini ya kiti cha nyuma, inua kiti unuse. Harufu ya petroli maana yake mpira wa mfuniko wa pampu haukukaa sawa, na gari hilo lisitoke gereji.