Troponini kupanda si lazima iwe hati ataki
Pole sana nyabo, mzee wenu hapo Mbarara ana sepsisi ya mapafu (maambukizi yaliyouzidi mwili) halafu troponini, kile kipimo cha damu cha moyo kuumia, imepanda, unauliza kama ni hati ataki, yaani mshtuko wa moyo. Si lazima. Sepsisi ikikaza moyo nao unaumia, presha ikishuka chembe zake zinavujisha troponini kwenye damu, na BNP, homoni ya moyo, inapanda ukuta wa moyo ukivutwa. Zikiwa juu hatari ya kufa inaongezeka kweli, sikufichi, ila figo zikilegea vipimo hivyo vinapanda pia, kwahiyo namba moja haitoshi. Mi ningeangalia laktati, asidi inayopanda kwenye damu mwili ukizidiwa, ikibaki juu ya 2 mmol/L hata baada ya dripu hapo ndo kuna kazi, na kujua figo zinafanyaje, ule mfuko wa mkojo unajaa ama umekauka? Muulize musawo (daktari) wa zamu kama ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wamepiga.