Kigoma hadi Mtwara kwa ndege: majibu kwa wasomaji

Swali: Kutoka kiwanja cha ndege cha Kigoma hadi cha Mtwara ni kilomita ngapi, na ndege huchukua muda gani? (Msomaji, Kasulu)

Jibu: Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,310, na ndege ya pangaboi aina ya Q400, inayokwenda kama kilomita 660 kwa saa, ingeimaliza njia hiyo kwa saa mbili na dakika chache za kupaa na kutua. Nimesema "ingeimaliza" kwa sababu abiria wa kawaida hapiti huko. Hupitia Dar es Salaam, kilomita 1,080 hivi kutoka Kigoma, kisha karibu 400 kushuka Mtwara. Hewani atakaa chini kidogo ya saa tatu, lakini kinachoila siku yake ni kusubiri Dar es Salaam, na muda huo vikokotoo vya mtandaoni havihesabu. Vyenyewe hupima mstari kati ya nukta mbili na kuugawa kwa mwendo wa ndege, bila kujali kama kuna ndege yoyote iendayo moja kwa moja kati ya miji hiyo. Kila mwezi naletewa namba hizo kana kwamba ni ratiba. Anzeni na ratiba, ndipo muulize umbali. Tena, anayenunua tiketi mbili mbalimbali kwa kampuni mbili ajue kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, hasara ya kuikosa ya pili huwa ni yake mwenyewe.

Swali: Nimeona 707, nikaona 814, nikaona 1,310. Ipi ni sahihi?

Jibu: Zote. Ya kwanza ni maili za baharini, ambazo marubani huzitumia na kila moja ina mita 1,852. Ya pili ni maili za nchi kavu. Ya tatu ni kilomita. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi: someni kipimo, si namba peke yake.

Swali: Kwa nini Dar es Salaam hadi Mtwara ni 400 angani na karibu 560 barabarani?

Jibu: Kwa sababu barabara huzunguka kupitia Kibiti ili kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003.

Swali: Je, saa za Kigoma na Mtwara zinatofautiana?

Jibu: Hazitofautiani, ingawa jua la utosini hufika Mtwara kama dakika 42 kabla ya Kigoma. Saa inayowaponza wasafiri ni nyingine. Nikiwa kwenye foleni ya kaunta kiwanjani Mtwara, nilimwona mama mmoja akifungua pindo la kanga na kutoa tiketi iliyokunjwa mara nne, 08:00 ikiwa imezungushiwa wino mwekundu. Alikuwa amewahi, kwa hesabu yake, maana ilikuwa saa saba mchana na yeye aliisoma kuwa saa nane. Ndege ilikuwa imeondoka tangu saa mbili asubuhi. Makosa haya nayaona kwa watu waliosoma na wasiosoma, na yanauma kwa sababu yanazuilika. Punguzeni au ongezeni saa sita, kisha andikeni saa ya Kiswahili pembeni ya tiketi kabla ya kuikunja.