Mstari mweusi kwenye kila nakala

Swali: Karatasi zikivutwa zenyewe kupitia trei ya juu ya mashine, skana inaweka mstari mweusi. Nikilaza karatasi kwenye kioo, inatoka safi. Nimefuta kioo mara tatu!

Jibu: Umefuta kioo kisicho na kosa. Kando yake, mara nyingi kushoto, kuna ukanda mwembamba wa kioo. Karatasi za juu husomwa hapo huku taa imesimama, hivyo tone la wino dogo kama punje ya ulezi huchora mstari ukurasa mzima. Chomoa umeme. Lowesha kidogo kitambaa cha miwani kwa spiriti, ufute ukanda huo. Usipulizie spiriti kwenye kioo chenyewe, unyevu hupenya pembeni na kuacha ukungu chini, usikofikia bila kufungua mashine. Gamba gumu lisugue kwa ukucha uliofunikwa kitambaa. Wembe, hapana. Kausha kabla ya kuwasha.