Msipige saruji kwenye makaburi ya matumbawe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya makaburi ya kale ya mtaa wetu, mkoani Tanga. Eneo ni kama ekari mbili, limezungushiwa ukuta wa mawe, lina mibuyu mitatu, miasumini, na makaburi ya kujengwa zaidi ya arobaini. Baadhi yana nguzo zenye mashimo yalimokuwa mabakuli ya kauri. Wenzetu walioko Dar es Salaam na Muscat wamechanga shilingi milioni 18. Fundi ametuletea makadirio: kubandua chokaa yote ya zamani, kupiga plasta ya saruji, kupaka rangi nyeupe, kuchimba na kutandaza pevingi, na kukata mbuyu unaosukuma ukuta. Anasema itadumu miaka mia. Yupo pia mshauri wa kutuandikia andiko la mradi kwa wafadhili wa nje. Anataka milioni mbili kwanza. Tuanzie wapi, na fedha zaidi tupate wapi?

JIBU: Marahaba. Anzieni kwa kumsimamisha fundi. Leo, kabla hajaleta mfuko wa kwanza wa saruji.

Makadirio ya namna hii naletewa mara kwa mara, kutoka Bagamoyo, Pangani, Unguja hata Lamu, na daima kinachowavutia wanakamati ni neno hilo moja: itadumu. Watu wameona ghorofa za saruji zimesimama, wakaona chokaa ya wazee inamomonyoka kidogo kidogo, wakaamua kwamba saruji ina nguvu na chokaa ni dhaifu. Dhana hii imeharibu makaburi mengi niliyokagua kuliko mvua na mizizi ya miti.

Makaburi yenu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Jiwe hilo lina vitundu. Linanywa maji kutoka ardhini, na jua likiwaka linayatoa kupitia uso wake. Chokaa huyaruhusu maji kupita, tena ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo chumvi ikitaka kula kitu inaila chokaa kwanza. Ndiyo maana chokaa inamomonyoka: inakufa ili jiwe lipone, nanyi mnaipaka upya. Saruji hufanya kinyume. Ni ngumu kuliko jiwe, haipitishi maji ipasavyo, na yenyewe huja na chumvi zake. Maji yakipanda yanakwama nyuma ya plasta, yanakauka humohumo, chumvi inaganda chembe chembe, na chembe zikikua zinausukuma uso wa jiwe kwa nguvu ambayo jiwe hilo haliwezi kuihimili. Kwa nje kaburi linang'aa. Kwa ndani jiwe linageuka unga.

Niliwahi kuitwa kwenye kaburi lililopigwa saruji kwa fedha za msaada. Masika mawili tu yalikuwa yamepita. Niligonga plasta kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe tupu. Kipande cha ukubwa wa sinia kilipodondoka, nyuma yake kulikuwa kumebanduka nusu ya ua lililochongwa na fundi ambaye jina lake halijulikani tena na mtu yeyote. Ua lile lilikuwa limenata kwenye saruji. Hakuna namna ya kulirudisha. Familia ilikuwepo, na mzee mmoja aliokota vile vipande akavifunga kwenye kanzu yake.

Mtajibiwa: "Basi tutatia saruji kidogo tu kwenye chokaa, ishike haraka." Hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu anayesema hivyo anajua kwamba chokaa ndiyo inayotakiwa, ila hataki kuisubiri. Mchanganyiko wa saruji kidogo haupati ugumu wa saruji wala ulaini wa chokaa, na chumvi unaziingiza palepale. Saruji hii ya portland, yaani ya mifuko ya dukani, ilipewa hataza (hati ya uvumbuzi) Uingereza mwaka 1824. Kule Gedi, magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, lipo kaburi lenye mwaka wake uliochorwa kwenye chokaa, 802 wa Hijria, yaani 1399, na watafiti wamelitumia kukadiria umri wa makaburi mengine ya mahali pale. Lilikuwa limesimama zaidi ya miaka mia nne kabla ya saruji hiyo kuzaliwa. Lau angepita fundi mwenye makadirio kama yenu, "kubandua chokaa yote ya zamani", mwaka huo ungeondoka na toroli la kifusi. Je, kwenye chokaa yenu mna nini? Mmeshaitazama asubuhi na mapema, jua likipiga ubavuni, wakati mikwaruzo inapoonekana?

Kazi ya chokaa si siri. Chokaa inazimwa kwa maji shimoni na kuachwa humo, wiki kadhaa kwa uchache, miezi ni bora. Mchanga uwe wa mtoni na uoshwe. Wa ufukweni una chumvi, haufai hata ukioshwa kwa haraka haraka. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga ni mwanzo mzuri, kisha mnajaribu pembeni, si kwenye kaburi. Mapengo makubwa yanatomewa kwa vijiwe. Matabaka yawe membamba, kama unene wa kidole kidogo au chini yake, na kila tabaka lifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwa kuwa chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa. Kipupwe ndio wakati wake. Na chokaa ya zamani iliyoshika isibanduliwe hata kidogo. Inabandikwa kingo, inajazwa nyufa, basi. Wazee waashi wanaoijua kazi hii wapo pwani. Mtafuteni mmoja, na muwape vijana wawili wa mtaani wakae naye.

Pevingi naikataa kwa sababu nyingine. Mnachimba wapi? Katika makaburi ya umri huo, waliozikwa bila kujengewa ni wengi kuliko mnaowaona. Fundi atapitisha sururu juu yao. Njia za kupita zifanywe kwa kumwaga changarawe juu ya ardhi, bila kuchimba, na maji ya mvua yaelekezwe mbali na misingi ya makaburi. Mbuyu uacheni. Fungueni kipande cha ukuta kinachosukumwa, mkijenge upya kwa kuupisha. Mti wa kuogopa ni ule mche wa jamii ya mkuyu unaoota juu ya nguzo na kupenyeza mizizi kwenye viungio. Huo ukatwe shina na kuuawa taratibu. Mkiung'oa kwa nguvu mtashuka na mawe. Kuhusu yanayojuzu na yasiyojuzu kujengwa juu ya kaburi, kaeni na masheikh wenu kabla ya yote. Mimi ni mtu wa mawe.

Kuna na sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Nguzo zenye mashimo ya mabakuli kwa kawaida ni za kabla ya hapo, kwa hiyo kibali cha Idara ya Mambo ya Kale kinahitajika kabla ya mwiko wa fundi kugusa ukuta. Msikione kibali hicho kuwa usumbufu. Mfadhili yeyote wa maana ataanza kukiulizia.

Sasa fedha. Mnauliza mpate wapi zaidi, nami nawauliza: milioni 18 zikiisha, mwaka wa tano nani atanunua chokaa? Karne ya 19 Ulaya na Marekani walijenga makaburi ya bustani, yenye miti na njia za kutembea: Père Lachaise jijini Paris mwaka 1804, Mount Auburn karibu na Boston mwaka 1831, Highgate jijini London mwaka 1839. Highgate iliendeshwa na kampuni iliyoishi kwa kuuza nafasi za kuzikia. Nafasi zilipopungua, fedha nazo zikapungua, pori likafunika mawe. Ilinusuriwa na jumuiya ya marafiki iliyoundwa mwaka 1975, na hadi leo kiingilio cha wageni kinasaidia kulipia matunzo. Sisi pwani tulikuwa na jibu zamani, nalo ni wakfu: shamba la minazi au nyumba ambayo pato lake linatunza msikiti na makaburi. Waambieni wenzenu wa Muscat kwamba fremu moja ya duka iliyowekwa wakfu, kodi yake ikaingia akaunti ya kamati, ina faida kuliko mchango mkubwa wa mara moja.

Kwa milioni 18 zilizopo, ningetumia sehemu ndogo ya kwanza kupima na kuchora ramani ya eneo lote: kila kaburi na namba yake, picha za pande zote, nyufa, miti, mahali maji yanapotuama, na maneno ya wazee kuhusu nani kalala wapi. Kisha mtengeneze kaburi moja tu, lililo katika hali mbaya zaidi, mlione masika yote. Nyingine ziwekeni. Ramani hiyo, kibali na kaburi hilo moja ndivyo vinavyofungua milango. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi iliyowashirikisha wanakijiji. Mfuko wa Balozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanzishwa mwaka 2001, na shirika la World Monuments Fund vimewahi kuisaidia Kilwa. Wafadhili wa aina hiyo husoma mbinu za kazi kwanza. Wakikuta saruji, andiko linawekwa kando.

Na huyo mshauri wa milioni mbili: msimpe. Watu hawa wamezagaa pwani nzima. Wana andiko moja, wanabadilisha jina la mji, wanasahau hata kuondoa jina la mji uliotangulia. Hawajui idadi ya makaburi yenu, wala hawatafika kuyahesabu. Hakuna mfuko wa uhifadhi ninaoufahamu unaodai malipo ya kuingia, na anayesema ana mtu wake ndani anawauzia hewa. Andiko mtaliandika wenyewe mkishakuwa na ramani, kwa lugha ya kawaida, na ofisi ya Mambo ya Kale ombeni wawasomee.

Fundi naye, huyu au mwingine, asipewe hata kianzio mpaka awapeleke kwenye ukuta wa matumbawe alioutengeneza miaka mitano iliyopita. Nendeni wanakamati wote. Gongeni kwa vifundo vya vidole kuanzia chini, pale unyevu unapopanda, kisha mkwaruze kidogo kwa msumari. Saruji itaukataa msumari. Chokaa itaacha mstari mweupe.